Kasindi inalipa, Kinshasa inahesabu

Lori lililobeba saruji au mafuta ya kula kutoka bandari ya Mombasa hukatiza Kenya na Uganda yote kabla ya kufika Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lubiriha ni Kasindi, ardhi ya Kongo, na hapo dereva huanza safari ya pili, ile ya makaratasi. Dekri ya mwaka 2002 iliruhusu huduma nne tu kufanya kazi mpakani: forodha, ukaguzi wa bidhaa, uhamiaji na afya. Aliyewahi kusimama kwenye foleni ya Kasindi anajua kwamba meza zimezidi nne, tena kwa mbali. Mwishowe mihuri inagongwa, fedha zinaingia kwenye akaunti ya hazina ya taifa, na lori linapanda kuelekea Beni na kisha Butembo, mji ambao maduka yake makubwa yanaishi kwa mpaka huo.

Katiba inasemaje juu ya fedha hizo? Kifungu cha 175 hakina kona. Asilimia 40 ya mapato yenye sura ya kitaifa ni ya majimbo, na inakatwa palepale yanapokusanywa. Sheria ya Oktoba 2008 juu ya miji, komine, sekta na cheferi ikaongeza kwamba ngazi hizo za chini zina haki ya asilimia 40 ya fungu la jimbo. Kwa hesabu ya kidole, kila faranga 100 zikiingia, 40 zibaki jimboni, na kati ya hizo 16 zishuke mpaka kwa meya wa mji na mwami wa cheferi.

Katiba hiyo ilitangazwa rasmi tarehe 18 Februari 2006, na ukataji wa namna hiyo haujawahi kufanyika. Fedha zote hupanda Kinshasa kwanza. Baadaye Kinshasa hurudisha kiasi inachoona kinafaa, siku inayoona inafaa. Jimbo la Kivu Kaskazini, lenye Kasindi, Beni na Butembo, lina idara yake ya mapato, lakini inaokota vilivyobaki: kodi ya nyumba za kupangisha, ushuru wa magari, vibali vya hapa na pale. Mfanyabiashara wa Butembo analipa mara mbili, juu na chini, kisha Jumamosi anaitwa kwenye salongo, kazi ya pamoja ya umma, kufukia mashimo mbele ya duka lake.

Tangu Rais Félix Tshisekedi atangaze mjini Kisangani, tarehe 23 Oktoba 2024, kwamba ataunda tume ya kutayarisha katiba mpya, mabishano ya zamani yamefufuka: Kongo iwe nchi moja inayoamuliwa kutoka mji mkuu, au iwe shirikisho? Viongozi wa waasi wa AFC/M23, wanaoishika Goma, makao makuu ya Kivu Kaskazini, tangu mwishoni mwa Januari 2025, nao wameingia katika wimbo huo wa shirikisho. Huko Beni na Butembo wengine wanataka Grand Nord, yaani miji hiyo miwili pamoja na maeneo ya Beni na Lubero, ikatwe kutoka Kivu Kaskazini iwe jimbo linalojitegemea. Ni mijadala halali. Lakini inaruka maswali mawili ambayo jina lolote la dola haliyajibu lenyewe. Nani anashika fedha? Na nani anaweza kulisimamisha jimbo, kwa muda gani?

Waliotunga katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni ya Desemba 2005 walijua wanatembea juu ya makaa. Kifungu cha kwanza kinasema nchi ni moja isiyogawanyika, na hakitamki kama ni ya umoja wala kama ni ya shirikisho. Kifungu cha 3 kinayapa majimbo utu wa kisheria na uhuru wa kusimamia mali, watu, fedha na ufundi wake. Vifungu vya 202 mpaka 204 vinagawa kazi: za taifa peke yake, za pamoja, na za jimbo peke yake. Kisha kifungu cha 220 kinafunga mlango kwa kukataza marekebisho yoyote yanayopunguza mamlaka ya majimbo. Ukisoma karatasi hiyo bila kujua nchi, utadhani gavana wa Kivu Kaskazini ni mtu mkubwa kuliko mawaziri wengi wa Afrika Mashariki.

Woga wa waandishi hao ulikuwa na historia. Sheria ya msingi ya Mei 1960 ilikuwa haijakauka wino pale Katanga ilipojitenga, tarehe 11 Julai, na Kasai Kusini ikafuata. Mwaka 1962 majimbo sita ya Mbelgiji yalianza kukatwakatwa hadi kufikia 21, na Kivu Kaskazini ikawa moja kati ya hayo. Katiba ya Luluabourg ya mwaka 1964 iliyapa majimbo nguvu za karibu na shirikisho. Haikupata muda wa kujaribiwa. Mobutu alichukua madaraka Novemba 1965, akayakusanya majimbo hadi kufikia manane, na Kivu Kaskazini ikamezwa tena na Kivu hadi mwaka 1988. Mjukuu wa mzee aliyezaliwa Lubero mwaka 1950 anaweza kuhesabu kwamba babu yake amebadilishiwa jimbo mara tatu bila kuhama nyumba.

Upande wa Grand Nord una kumbukumbu nyingine, ya karibu zaidi. Kuanzia mwaka 1999, kundi la waasi la RCD lilipopasuka, mpaka serikali ya mpito ya mwaka 2003, eneo hili lilitawaliwa na RCD-K/ML ya Antipas Mbusa Nyamwisi, makao yakiwa Beni, huku Goma ikiwa mikononi mwa RCD nyingine iliyoegemea Kigali. Kwa miaka hiyo Kinshasa ilikuwa sauti ya redio tu. Wafanyabiashara wakubwa wa Butembo walikaa meza moja na wenye bunduki, wakalipa ushuru wa forodha kabla mizigo haijafika, na kwa malipo hayo wakapata unafuu wa viwango na usalama wa njia. Wako wanaoyakumbuka hayo kwa namna ya sifa: fedha zilibaki, mji ulijengwa, ghorofa zikaota kando ya barabara kuu. Kumbukumbu hiyo inasahau nusu. Mwenye kisu kikali ndiye aliyekula nyama. Jeshi la Uganda na makamanda wa humu ndani walivuna mbao, dhahabu na kahawa kwa kiasi kilichoufanya Umoja wa Mataifa utume jopo la wataalamu kuandika ripoti baada ya ripoti. Mwenye duka dogo hakuwa na mbunge wa kumlalamikia, wala mahakama ya kumwita mkubwa ajibu. Ule ulikuwa uhuru wa wachache waliokuwa na uwezo wa kujadiliana na silaha, na haustahili kutolewa mfano wa namna jimbo linavyopaswa kujitawala.

Amani ya mwaka 2003 iliunganisha kaskazini na kusini mwa jimbo, na fedha za Kasindi zikarudi Kinshasa.

Miaka ya kwanza ya katiba mpya ilionyesha mapema jinsi karatasi inavyoliwa na mchwa. Gavana, kwa kifungu cha 198, huchaguliwa na bunge la jimbo. Mwezi Januari 2011 vifungu vinane vya katiba vilirekebishwa kwa haraka, na viwili kati yake vilimpa Rais wa Jamhuri uwezo wa kulivunja bunge la jimbo na kumwondoa gavana pale penye mgogoro mzito. Kifungu cha 220 kilikuwepo, kimeandikwa kwa wino uleule. Hakikuzuia chochote. Mwaka 2015 majimbo 11 yaligawanywa kuwa 26, na mwezi Oktoba mwaka huo mapya yote 21 yakakabidhiwa kwa makamishna maalumu waliochaguliwa na Rais Joseph Kabila. Magavana wa kuchaguliwa walikuja Machi 2016. Majimbo yalizaliwa, na siku ya kwanza tayari yalikuwa na mlezi kutoka Kinshasa.

Kivu Kaskazini haikuguswa na mgawanyo huo. Ilikuwa na zamu yake.

Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi mkuu, tume ya uchaguzi CENI ilitangaza kwamba Beni, Butembo na, magharibi mwa nchi, Yumbi hazitapiga kura mpaka Machi 2019. Sababu zilizotolewa kwa Beni na Butembo ni Ebola, iliyotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti mwaka huo, pamoja na ukosefu wa usalama. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yamejaa, shule zinafundisha, na wagombea walikuwa wamefanya mikutano yao. Tarehe 30 Desemba wakazi wa Beni walipanga foleni kwenye vituo vya kujitengenezea, wakanawa mikono kwanza kama madaktari walivyoelekeza, kisha wakapiga kura ambayo walijua haitahesabiwa na mtu. Tshisekedi aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Tofauti rasmi kati yake na mshindani wake Martin Fayulu haikufika kura 700,000, na wapiga kura walioachwa nje katika sehemu zile tatu walikuwa zaidi ya milioni moja. Kura ya wabunge ilifika tarehe 31 Machi, rais akiwa tayari kazini.

Hapo hakuna jimbo lililoulizwa. Bunge la jimbo, gavana, meya, wote walisikia redioni kama kila mtu. Na Ebola yenyewe, iliyoua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, iliendelea huku vijana wakirusha mawe kwa timu za wauguzi, hasa kwa sababu wengi waliamini ugonjwa umeletwa ili kura ifutwe. Uamuzi wa ofisini Kinshasa uligeuka kuwa hatari ya afya kitandani Katwa, Butembo.

Halafu ikaja hali ya dharura ya kijeshi, ambayo watu wa Beni huiita kwa Kifaransa, état de siège. Rais aliitangaza mwishoni mwa Aprili 2021, ikaanza tarehe 6 Mei katika majimbo ya Ituri na Kivu Kaskazini. Gavana Carly Nzanzu Kasivita, aliyechaguliwa na bunge la jimbo mwaka 2019, akaweka kalamu chini, na luteni jenerali Constant Ndima akaketi mahali pake. Bunge la jimbo likasimamishwa. Maofisa wa polisi wakawa mameya wa Beni na Butembo. Mahakama za kijeshi zikapewa kesi za jinai za raia. Wanaharakati wa vuguvugu la LUCHA waliokamatwa Beni Novemba 2021 kwa kuandamana kuipinga hali hiyo walihukumiwa mwaka mmoja jela, Aprili 2022, na mahakama ya askari.

Wengi mwanzoni walipiga makofi, na haki yao. Beni ilikuwa imezika watu tangu Oktoba 2014, mauaji ya waasi wa ADF yalipoanza, na jibu lolote lilionekana bora kuliko kukaa kimya. Lakini matokeo nayo yana haki ya kusemwa. Januari 2023 bomu liliua waumini kanisani Kasindi. Machi mwaka huo watu zaidi ya 30 walichinjwa Mukondi, ndani ya eneo la Beni. Goma yenyewe, makao ya gavana wa kijeshi, ilianguka Januari 2025, na aliyekuwa akiliongoza jimbo, jenerali Peter Cirimwami, aliuawa vitani siku chache kabla. Meja jenerali Évariste Somo Kakule aliteuliwa badala yake, na makao ya muda ya jimbo yakahamia Beni.

Kikatiba, jambo la kushangaza ni kalenda. Kifungu cha 144 kinaipa hali ya dharura siku 30. Baada ya hapo Bunge la taifa linaweza kuiongeza kwa siku 15, kisha 15 nyingine, na nyingine tena. Hakuna mahali paliposema mwisho ni lini. Basi kila wiki mbili Kinshasa mkono umeinuliwa, na kufikia mwaka 2025 mikono hiyo ilikuwa imekaribia mara mia moja. Kipimo cha siku 15 kiliwekwa ili wabunge wafikiri tena. Kimekuwa kitu cha kupitishwa kabla ya chai. Agosti 2023 Rais aliwaita wajumbe wa majimbo yote mawili kwenye meza ya mviringo Kinshasa, na wengi wao waliomba iondolewe. Oktoba akaahidi kuilegeza hatua kwa hatua. Mwaka uliofuata majimbo mengine yalichagua magavana wao. Ituri na Kivu Kaskazini yalitazama.

Mtu wa Kinshasa atajibu kwamba vita ni vita, na kwamba askari hawezi kuongozwa na mjumbe wa bunge la jimbo. Hoja hiyo ina uzito pale inapohusu kuamuru vikosi. Haielezi kwa nini bajeti ya jimbo iamuliwe bila mjumbe hata mmoja aliyechaguliwa kuijadili, wala kwa nini mzozo wa kiwanja Mulekera, Beni, au ushuru wa soko Kimemi, Butembo, umsubiri ofisa wa polisi. ADF haikai sokoni Kimemi.

Kwa jirani kuna jibu jingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 192, inamruhusu Rais kuisimamisha serikali ya kaunti, hata kwa sababu ya vita. Lakini Seneti inaweza kuukatisha usimamishaji huo wakati wowote, hauzidi siku 90, na zikiisha wananchi wanapiga kura. Sheria hiyo ilipimwa Makueni, gavana Kivutha Kibwana na wajumbe wa kaunti walipofikia kushikana mashati: tume ya uchunguzi ilipendekeza kaunti isimamishwe, na Rais Uhuru Kenyatta akakataa Septemba 2015, akisubiri uchaguzi wa kawaida. Hata Hispania, iliyoiondoa serikali ya Catalonia tarehe 27 Oktoba 2017 kwa kosa la kutangaza uhuru, iliitisha uchaguzi wa huko tarehe 21 Desemba mwaka uleule. Beni haikutangaza uhuru wa aina yoyote.

Fedha nazo Kenya wamezifunga kwa namna ambayo Butembo ingeionea wivu. Kaunti 47 zina haki ya si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Magavana hulia kila mwaka kwamba fedha zinachelewa, na wana haki ya kulia, ila zinafika, na kuna Seneti ya kugombania mgao kila bajeti. Asilimia 15 inayofika ni kubwa kuliko 40 iliyobaki kitabuni.

Kusini-mashariki zaidi kuna Zanzibar, ambayo mara nyingi hutajwa kama mfano wa kujitawala ndani ya dola moja. Ina rais wake, katiba yake ya mwaka 1984, na Baraza la Wawakilishi linalopitisha bajeti yake. Hata hivyo Wazanzibari hawaachi kukumbusha kwamba mambo ya Muungano yalikuwa 11 mwaka 1964 na sasa ni 22. Mamlaka ya Zanzibar hayakuvunjwa kwa siku moja. Yalipungua mstari kwa mstari. Wanaodai Grand Nord wangefanya vyema kuisoma orodha hiyo kabla ya kuchapisha bendera.

Na karibu zaidi, ukivuka tu Mpondwe, kuna Kasese. Wakonzo wa milima ya Rwenzori ni ndugu wa Wanande wa Beni na Butembo, lugha zao zinasikilizana, na soko la Lubiriha linawakutanisha kila wiki. Mwaka 1962 waliinua ufalme wa Rwenzururu dhidi ya Toro na serikali ya Kampala, wakapigana miaka ishirini. Uganda iliutambua ufalme huo mwaka 2009, lakini kwa masharti ya kifungu cha 246 cha katiba yake: mfalme ni wa utamaduni, hana amri juu ya kodi wala ardhi. Pengo kati ya heshima waliyopewa na nguvu walizodhani wamepata lilijaa uchungu, na mwezi Novemba 2016 jeshi lilivamia ikulu ya Mfalme Charles Wesley Mumbere. Watu zaidi ya 100 waliuawa. Mumbere alirudi Kasese Oktoba 2023 tu. Kivuli cha mamlaka kinaweza kuua kama mamlaka yenyewe, na jimbo jipya linalopewa jina, gavana na bendera bila fungu la fedha lingekuwa na kivuli hichohicho.

Ndiyo sababu ombi la jimbo la Grand Nord linahitaji kusikilizwa kwa sikio moja la huruma na jingine la hesabu. Kifungu cha 4 kinaruhusu majimbo mapya kwa kugawa yaliyopo. Sababu za wanaolidai si za uongo: kutoka Butembo mpaka Goma ni karibu kilomita 300 za barabara mbovu iliyokatwa na vita, na ofisi za jimbo zimekuwa mbali siku zote. Lakini Katanga ya zamani, iliyogawanywa kuwa majimbo manne mwaka 2015, iliiachia Lualaba shaba na kobalti ya Kolwezi, na Haut-Lomami na Tanganyika zikabaki na majengo matupu. Mfuko wa kusawazisha majimbo, ambao kifungu cha 181 kiliupa asilimia 10 ya mapato yote ya taifa, haujawa na nguvu ya kuziba pengo hilo. Jimbo jipya lisilokatiwa fungu lake Kasindi litakuwa ofisi nyingine inayosubiri Kinshasa, na gavana mwingine wa kutuma ujumbe huko kila mwisho wa mwezi.

Kuna suala jingine ambalo wapenzi wa Grand Nord hulisema kwa sauti ya chini. Wanande wangekuwa wengi mno katika jimbo hilo. Watalinga, Wapere na Wambuti wanaishi humo pia, na Wanande waliojenga maisha Goma na Rutshuru wangebaki wachache upande wa pili. Sheria ya kuunda jimbo lolote jipya ingepaswa kujibu kwanza nani atawalinda hao, kabla ya kuamua makao yatakuwa Beni au Butembo. Na miji hiyo miwili, kila mtu anajua, haitakubaliana kirahisi juu ya hilo.

Wakati mabishano yakiendelea, barabara inajengwa na mwingine. Tarehe 16 Juni 2021 Marais Tshisekedi na Yoweri Museveni walikutana Mpondwe kuzindua mradi wa kilomita 223: Kasindi hadi Beni kilomita 80, Beni hadi Butembo 54, na Bunagana hadi Goma 89. Uganda iliweka sehemu ya fedha, na kampuni ya Uganda ikaleta mitambo, huku mashambulizi yakiichelewesha kazi mara kwa mara. Mgeni njoo mwenyeji apone, sawa. Lakini njia za Kasindi, Beni na Butembo zimo katika barabara za taifa namba 2 na namba 4, ambazo kwa kifungu cha 202 ni kazi ya serikali kuu, na zinapita katika miji inayolipa forodha. Jeshi la Uganda nalo liliingia tarehe 30 Novemba mwaka huohuo, kwa operesheni Shujaa, kusaidia kuwafukuza ADF. Ni vigumu kumweleza kijana wa Beni maana ya "nchi moja isiyogawanyika" wakati lami, ulinzi na hata bei ya saruji vinatoka upande mmoja, na stakabadhi ya kodi inakwenda upande mwingine.

Wabunge wa taifa waliochaguliwa Beni na Butembo Desemba 2023 wako Kinshasa, hawakusimamishwa na état de siège, na wana kazi ambayo haingoji katiba mpya. Waidai forodha ya Kasindi iwe ya majaribio: asilimia 40 ikatwe pale kwa mwaka mmoja, benki iliyopo Beni ipokee fungu la jimbo na la miji, na hesabu zibandikwe ukutani. Wakatae kuongeza siku 15 nyingine mpaka sheria iweke kikomo cha miezi, si cha kuinua mikono, na iache mambo ya soko, maji na viwanja kwa watu wa kuchaguliwa hata vita ikiendelea.

Na wadai kura ya madiwani. Sheria ya mwaka 2008 inasema meya wa mji anachaguliwa na baraza la mji. Miaka imepita na Butembo wala Beni haijawahi kumpata meya wa namna hiyo. Wote wameteuliwa kutoka juu, wenye suti na wenye sare. Desemba 2023 CENI ilifanya uchaguzi wa madiwani kwa mara ya kwanza, lakini katika komine za makao makuu ya majimbo tu. Goma ilipiga kura hiyo. Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba za Butembo hazikupiga, wala Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori za Beni, mji ambao leo ndio unaobeba makao ya jimbo zima. Hilo halihitaji kubadilisha hata nukta moja ya katiba. Linahitaji CENI iziandike komine hizo nane kwenye kalenda yake pamoja na bajeti yake, kabla ya uchaguzi mkuu wa mwaka 2028.